Namna ya Kuiandika Lugha ya Dola la Kiimla katika Riwaya ya Kiswahili

Mwandishi anayeanza riwaya ya distopia kwa Kiswahili, yaani riwaya inayochora nchi ambamo dola limeingia hadi ndani ya vichwa vya watu, hukutana mapema na kishawishi cha kubuni msamiati mpya. Mimi nilikutana nacho kikanishinda. Mswada wangu wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa na faharasa ya kurasa saba, na rafiki niliyempa ausome alinirudishia baada ya siku mbili akilalamika kwamba muda wote alikuwa akifunua mbele na nyuma kama mtu anayetafuta jina lake katika daftari la madeni. Ilinichukua muda kutambua kwamba kosa halikuwa wingi wa maneno peke yake. Nilikuwa nimeichukua njia iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza na kuipachika juu ya lugha ambayo nguvu yake iko mahali pengine. Dola la kiimla linalozungumza Kiswahili halina haja ya kufuta nusu ya kamusi. Likishika ngeli, viambishi na kauli za vitenzi, limekwisha kushika sehemu kubwa ya yale ambayo raia wake wanaweza kuyasema, na halijabuni hata neno moja.

Wasome waliotangulia, kisha uachane nao

Lugha ya kubuni inayojulikana zaidi katika fasihi ya aina hii ni Newspeak ya George Orwell, katika riwaya yake Nineteen Eighty-Four iliyotoka mwaka 1949. Mpango wa chama tawala humo ni kupunguza maneno mwaka hadi mwaka mpaka wazo la uasi likose chombo cha kulibeba, na inatarajiwa kwamba ifikapo mwaka 2050 lugha hiyo itakuwa imechukua kabisa nafasi ya ile ya zamani. Katika kiambatisho cha riwaya, Orwell anaeleza kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa huru halikufutwa. Lilibakizwa kwa matumizi finyu tu, kama vile kueleza kwamba mbwa hana chawa au shamba halina magugu. Mwandishi wa Kiswahili akijaribu kuuhamisha mfano huo atakwama papo hapo, kwa sababu hakuna Mswahili anayesema kwamba mbwa wake yuko huru na chawa.

Akiacha kuhamisha na kuanza kutafuta nyumbani, atakuta kitu kikali zaidi. Tunalo neno “huru” na tunalo neno “bure”, na hili la pili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Dola linaloondoa “huru” na kumwachia raia “bure” pekee litatangaza kwamba wafungwa kadhaa wameachiwa bure, na kila atakayelisoma tangazo hilo atasikia, bila kuambiwa na mtu yeyote, kwamba kuachiwa kwao hakuna maana, au kwamba walitolewa gerezani bila kulipa walichopaswa kulipa.

Jambo jingine la kujifunza kwa Orwell ni namna anavyoonyesha kutoweka kwa mtu. Syme, mtaalamu wa lugha anayeshughulikia toleo la kumi na moja la kamusi ya Newspeak, ana akili nyingi mno kwa usalama wake, na siku moja haonekani kazini. Hakuna kelele wala damu. Orodha ya wanakamati wa mchezo wa sataranji, ambayo imebandikwa ubaoni na ambayo Syme alikuwamo, inaonekana kama ilivyokuwa awali, haina mstari uliokatwa, ila imepungua jina moja. Ukurasa huo unafaa kusomwa mara tatu na kila anayetaka kuandika juu ya mambo haya, kwa kuwa unaonyesha kwamba ukatili wa lugha huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi ya kawaida kuliko kwenye hotuba ya kiongozi.

Wengine walipitia milango mingine. Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliipa riwaya yake jina ambalo ni kiwakilishi tu, Sisi, na wahusika wake wanaitwa kwa herufi na namba. Margaret Atwood, katika riwaya yake ya mwaka 1985, aliwakataza wanawake kusoma, na mabango ya maduka yakafutwa maandishi yakabaki na picha. Shaaban Robert alitutangulia sote hapa kwetu: katika Kusadikika ya mwaka 1951 Karama anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na anayemshtaki anaitwa Majivuno, jina ambalo nchi nzima inalisikia isipokuwa yeye mwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Matigari aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ na kuitoa mwaka 1986, alichora nchi yenye redio iitwayo Sauti ya Ukweli na wasomi waliobobea katika elimu ya ukasuku. Mwaka uliofuata polisi wa Kenya walipita katika maduka ya vitabu wakikusanya nakala.

Utaona kwamba kila mmoja wao alichagua mlango mmoja na kuusukuma mpaka mwisho. Fanya vivyo hivyo. Riwaya ambamo dola linafuta maneno, linaondoa majina, linachoma vitabu na kukataza kusoma kwa wakati mmoja humchosha msomaji kabla hajamjua mhusika hata mmoja.

Usiamini kwamba neno likifa wazo limekufa

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, amua dola lako linaamini nini kuhusu lugha, na wewe mwenyewe unaamini nini. Haya ni mambo mawili. Dola la riwaya linaweza kuamini kwamba mtu hawezi kufikiri asichoweza kukitaja, lakini mwandishi akiliamini hilo pamoja nalo, atakosa hadithi, kwa kuwa wahusika wake watakuwa tayari wametulia.

Kiswahili kinatupa ushahidi mzuri. Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunazitaja kwa kufananisha, kama rangi ya majani, ya kahawa au ya maziwa, au kwa maneno ya kukopa kama buluu. Hata hivyo hakuna mvuvi wa Pemba aliyewahi kushindwa kutofautisha maji ya mkondo mkuu na maji ya kwenye mikoko eti kwa sababu hana kivumishi cha kupatanisha na “maji”. Wazo lipo, na likikosa neno huazima kwa jirani. Kinachozuia watu kusema ni hofu pamoja na mazoea, na lugha ya dola hufanya kazi yake pale inapoyageuza mazoea kuwa rahisi kuliko ukweli. Kwa hiyo usiandike mhusika anayesahau neno “haki”. Andika mhusika anayelikumbuka vizuri, akalifikisha mdomoni, kisha akasema neno jingine kwa sababu mlango uko wazi.

Ingia ndani ya kitenzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ninapomshauri mwandishi atumie muda wake mwingi. Chukua jozi hizi za kawaida: daraja limevunjika na daraja limevunjwa, fedha zimepotea na fedha zimepotezwa, mtu ametoweka na mtu ametoweshwa. Katika kila jozi, tukio ni lilelile na ushahidi ni uleule, ila katika kauli ya kutendeka mtenda hana mahali pa kukaa. Unaweza kusema kwamba daraja limevunjwa na mkandarasi, lakini huwezi kusema kwamba limevunjika na mkandarasi; sarufi yenyewe inakataa kumpokea. Kauli ya kutendwa nayo inaweza kumficha mtenda, ndiyo maana maofisa huipenda, lakini inaacha kiti chake kitupu na msikilizaji anaweza kuuliza ni nani aliyekikalia. Kauli ya kutendeka imeondoa hata kiti.

Dola lenye akili litaligundua hilo mapema kuliko raia wake. Halitatoa sheria inayokataza kulaumu serikali, kwa kuwa sheria ya namna hiyo inajulikana kwa jina lake na watu huipinga. Litatoa mwongozo wa uandishi bora unaoelekeza kwamba katika fomu zote, magazeti yote na insha zote za shuleni, mambo yaliyotokea yaandikwe kwa kauli ya kutendeka “kwa ajili ya usafi wa lugha”. Walimu watasahihisha kwa wino mwekundu. Mtoto aliyeandika kwamba nyumba yao ilibomolewa atarudishiwa daftari lenye sahihisho kwamba nyumba ilibomoka, na atapoteza alama mbili kwa kosa la sarufi. Mwandishi anayeweza kumfanya msomaji aogope kosa la sarufi amekwisha kujenga dola lake, na hahitaji kuchora gereza.

Iko kauli nyingine ambayo ninashangaa kwamba waandishi wetu hawaichezei zaidi, nayo ni ile inayopindua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua, tega na tegua. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua, na jina hilo lenyewe ni zawadi. Katika mswada wangu wa pili, ambao ulikuwa na neno moja tu la pekee badala ya kurasa saba, mtu aliyeondolewa katika kumbukumbu za nchi aliitwa “aliyetenduliwa”. Sikulieleza neno hilo popote. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kinachotokea kwa fundo likifunguliwa na kwa mtego ukiteguliwa, na alipokutana na mtu aliyetenduliwa alijua kwamba kuna tendo lililorudishwa nyuma mpaka mwanzo wake, na kwamba mwanzo wa tendo hilo ulikuwa kuzaliwa.

Ngeli ndiyo silaha ya kuogofya kuliko zote, na kwa sababu hiyo itumike kwa kiasi. Fikiria taarifa ya kituo cha kupokelea mahabusu inayosema: “Wafungwa arobaini vimepokelewa.” Nomino haikuguswa. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja cha upatanisho, na sikio lolote linalosikia Kiswahili litashtuka kabla akili haijajua sababu. Mshtuko huo una asili ndefu. Kiswahili kina majina mengi ya viumbe yanayoanza kwa ki-, kama kiboko, kifaru na kipepeo, na hata majina ya watu kama kipofu, kiziwi na kiwete, lakini upatanisho wa sarufi sanifu unayatoa yote katika safu ya vitu na kuyapa a- na wa-: kipofu amefika, viboko wameingia mtoni. Hata kiroboto hupewa a-. Sarufi yetu imeamua tangu zamani kwamba chenye uhai si kitu, na dola linalomnyima mfungwa kile ambacho kiroboto anacho limevunja kitu ambacho hata mtu asiyejua kusoma anakihisi. Ukitumia mbinu hii katika kila ukurasa itageuka kuwa kichekesho. Itumie mara moja, katika hati rasmi, halafu subiri hadi karibu na mwisho wa riwaya ndipo uiweke kinywani mwa mtu wa kawaida anayemtaja jirani yake.

Nafsi ya kwanza wingi haihitaji maelezo marefu. Kiambishi tu- hakimwambii msikilizaji kama yumo au hayumo, na ofisa anayesema “tumekubaliana kwamba mchango utalipwa mwisho wa mwezi” amekwisha kuwakubalisha wasiokuwepo kwenye kikao.

Tega sikio kwenye Kiswahili cha ofisini

Lugha ya dola la kubuni isikike kama lugha ambayo msomaji aliisikia juzi. Kusanya matangazo yaliyobandikwa kwenye mbao za ofisi za kata, barua za wito, fomu za maombi na taarifa za habari, kisha uzisome kwa sauti. Utakuta hazina yote unayoihitaji: mamlaka husika, hatua stahiki, uchunguzi unaendelea, wananchi wanaombwa kuwa watulivu, bila ya kukosa. Sisemi kwamba anayeandika hivyo ni dikteta. Mara nyingi ni karani aliyechoka ambaye anataka kwenda kula. Lakini dikteta wa riwaya hupanda mbegu zake katika udongo huo huo.

Mfano ninaoupenda ni neno “changamoto”. Katika miaka ambayo nimekuwa nikiandika limeingia karibu kila mahali palipokuwa na “shida”, “tatizo” na “upungufu”, mpaka mtaa uliokaa wiki mbili bila tone la maji unasemekana kuwa na changamoto ya maji. Halikuamriwa na mtu. Watu walilipokea kwa hiari kwa sababu ni neno la adabu na halimlaumu mtu yeyote, na hilo ndilo linalolifanya liwe funzo kwa mwandishi: neno la dola lenye nguvu ni lile ambalo raia anafurahi kulitumia.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mzito zaidi. Nchini Kenya, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, neno “nyayo” lilitoka katika maana yake ya alama za miguu likawa wito wa kufuata njia ya mtangulizi, likaambatana na amani, upendo na umoja. Watoto wa shule walikunywa maziwa ya Nyayo kuanzia mwaka 1979. Jengo la serikali katikati ya Nairobi likaitwa Nyayo House, na katika orofa yake ya chini ya ardhi watu walioshukiwa kuipinga serikali walifungiwa na kuteswa miaka ya 1980. Neno moja lilikuwa kwenye pakiti ya maziwa na juu ya mlango wa jengo lenye vyumba vya mateso. Mwandishi wa riwaya akibuni jambo la namna hiyo, mhariri anaweza kumwambia kwamba amezidisha. Jirani kidogo, katika Zaire ya Mobutu, watu waliamriwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, na badala ya kuitana bwana na bibi wakaitana mwananchi. Angalia kwamba katika mifano yote miwili neno lililochaguliwa lilikuwa zuri. Dola linalojiita Dola la Hofu ni la katuni.

Chuja methali badala ya kutunga kaulimbiu

Waandishi wengi hupoteza siku nzima wakitafuta kaulimbiu za kutisha. Dola la Waswahili litapata kaulimbiu zake katika akiba ya methali, na kazi yake itakuwa kuchuja. Litabakiza “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu”, “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo” na “Subira huvuta heri”. Litaondoa “Kikulacho ki nguoni mwako” na “Wapiganapo tembo nyasi huumia”, si kwa kuzipiga marufuku bali kwa kuziacha nje ya kitabu kipya cha darasa la nne. Baada ya kizazi kimoja bibi atazitaja, na mjukuu atamuuliza kwa dhati kabisa kama hiyo ni methali kweli, maana kitabuni haimo. Usisahau pia kwamba sikio letu linapenda vina na mizani. Amri iliyopangwa kwa mizani nane kwa nane hukumbukwa na mtu hata asipotaka, na hukumbukwa kwa sauti ya mama aliyekuwa akiiimba jikoni.

Salamu nazo zinahitaji uangalifu. Shikamoo, ambayo husemwa kuwa ilitokana na kushika miguu, hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na umri ndio unaoamua. Fikiria dola linaloamua kwamba cheo ndicho kitakachoamua. Mzee wa miaka sabini anamwamkia shikamoo kijana mwenye beji, na kijana, ambaye mwaka jana alikuwa akitumwa dukani na mzee huyohuyo, anaitikia marahaba. Hakuna aliyepigwa. Msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili atahisi aibu hiyo usoni mwake.

Wape raia mahali pa kujificha

Hadithi hufa iwapo dola litashinda ukurasa wa kwanza, na kwa bahati nzuri lugha yetu ina desturi ndefu ya kusema bila kusema. Washairi wa pwani walipigana kwa mafumbo kabla ya kuwapo magazeti. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya karatasi yake Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mhusika wako hana haja ya kuwa shujaa wa kiwango hicho, lakini ajue kwamba njia ipo.

Kanga itakufaa zaidi kuliko bunduki. Katika riwaya niliyonayo mkononi sasa, dola linakataza majina ya kanga, yaani yale maandishi ya chini ambayo wanawake huyatumia kujibishana bila kufungua kinywa. Viwanda vinaendelea kuchapa kanga zenye kisanduku cha jina kikiwa kitupu. Baada ya miezi michache wanawake wanaanza kuzivaa kwa mpangilio: mwenye kisanduku kitupu upande wa kushoto ana maana moja, aliyekikunjia ndani ana maana nyingine, na askari wanasimama sokoni wakitazama nguo zisizosema kitu na kujua kwamba wanatukanwa.

Lahaja pia ni maficho, na ni hatari. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haukumfunga mtu mdomo. Ulitafuta lugha ya vitabu vya shule. Riwaya inaweza kuuliza kingetokea nini kama usanifu ungekuwa sheria ya jinai. Mtu wa Mombasa aliyejificha bara kwa jina jingine anaweza kudhibiti kila kitu chake isipokuwa siku anapogutushwa usingizini na kusema “ndia” badala ya “njia”. Mpelelezi asiyejua lahaja ataona ni mtu aliyekosea. Mpelelezi aliyezaliwa jirani yake atanyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko una sura nzima ya kuandika.

Mfano mmoja wa karibu

Ninauweka hapa mfano niliouandika ili kuonyesha namna mbinu tatu au nne zinavyoweza kukaa katika mazungumzo mafupi bila kelele.

“Shikamoo,” alisema Bi Mwanaidi, na karani, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake, aliitikia marahaba bila kuinua macho.

“Changamoto yako ni ipi, mama?”

“Mwanangu amepotezwa.”

Karani aliandika, kisha akasoma kwa sauti ya upole: “Mwana amepotea.”

“Amepotezwa.”

“Mama, fomu haina neno hilo. Kuna kupotea na kuna kuhama.”

“Basi andika jina lake tu, hapo pengine paache wazi.”

Karani alitazama mlangoni. “Pakiachwa wazi itarudishwa.”

“Irudishwe,” alisema Bi Mwanaidi. “Itarudi na jina lake.”

Angalia mambo mawili katika mfano huu. Karani si mtu mbaya. Ametazama mlangoni, na kutazama huko kumemwambia msomaji kwamba na yeye anaogopa, jambo ambalo lingehitaji aya nzima kama ningelieleza. La pili, ugomvi wote umesimama juu ya silabi za mwisho za kitenzi kimoja. Msomaji hapewi ufafanuzi wa tofauti kati ya kupotea na kupotezwa, kwa kuwa anaijua tangu utotoni, na kuijua huko ndiko kunakomweka upande wa mama kabla mwandishi hajamwomba achague.

Ukimaliza rasimu

Ondoa kwanza maneno yote uliyoyabuni, kisha urudishe yale tu ambayo sura inaanguka bila ya kuwapo kwake. Kwa riwaya ya kawaida hayapaswi kuzidi manne au matano. Faharasa isiwepo. Kama ni lazima uweke kiambatisho, tafakari alichofanya Orwell na chake: maelezo ya Newspeak yameandikwa kwa Kiingereza cha kawaida na kwa wakati uliopita, na wasomaji wengi wameona humo dokezo kwamba chama kile kilikwisha kuanguka na mtu fulani, baadaye, anakieleza kama jambo la historia. Kiambatisho kinachofanya kazi ya namna hiyo kinastahili karatasi yake.

Kisha mpe mtu ambaye hajausoma mswada wako kurasa tatu azisome kwa sauti mbele yako, na ikiwezekana awe mtu wa kizazi kingine, mwenye masikio yaliyozoea redio. Usimweleze kitu. Shika penseli na uweke alama kila anapojikwaa. Mahali atakapojikwaa kwa sababu sentensi ni ndefu au neno ni geni, parekebishe jioni hiyohiyo. Lakini kutakuwa na mahali ambapo atasoma “vimepokelewa”, atasimama, atarudi nyuma akidhani ni kosa la chapa, atasoma tena polepole, halafu atakutazama. Hapo usiguse.